Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, asalaam aleikum.

Kuwazuru wagonjwa, futari ya pamoja na kuwasindikiza wenzetu wawili Dar es Salaam kwa upasuaji mnayajua, siyarudii. Tuko wanachama 57. Waliolipa ada kamili 14, sawa na shilingi 336,000. Mkutano wa Aprili walikuja 9, na wawili kati yao walikuwa wakingojea gari.

Sasa lile linalosemwa barazani: shilingi 385,000 za mfuko wa nauli zilizotumika kumleta daktari wa upasuaji wa ubongo hapa Chake Chake, atueleze jeni za meninjioma, yaani uvimbe wa utando unaofunika ubongo. Eti mwenyekiti kala nauli za wagonjwa kutusomea habari za majini. Ni jeni, ndugu zangu, yaani vinasaba vya mwilini, si majini.

Siku daktari alipokuja, bibi mmoja alitoa majibu ya uvimbe wake kwenye mfuko wa nailoni, karatasi imekunjwa mara nne: meninjioma, daraja la 1, yaani ule mpole. Tangu akabidhiwe hakurudi kupiga picha ya kichwa. Daktari akamweleza kwamba zamani daraja lilitolewa kwa darubini peke yake. Tangu 2021, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, uvimbe wenye mabadiliko ya jeni ya TERT, au uliopoteza kabisa jeni ya CDKN2A au CDKN2B, ni daraja la 3, lile kali kabisa, hata ukionekana mpole kwenye darubini. Mwezi uliofuata bibi alipanda boti Mkoani kwenda kupiga picha. Nauli nilitoa mfukoni mwangu, na sikukusudia kulitaja hilo.

Tuliambiwa pia juu ya jeni nyingine zinazohusika na uvimbe huu: NF2 iliyo kwenye kromosomu ya 22, na nyingine zilizogunduliwa 2013, AKT1, SMO, TRAF7 na KLF4, ambazo huonekana zaidi kwenye uvimbe wa sakafu ya fuvu. Dawa za kuzilenga bado zinajaribiwa. Tiba ni kisu, na mionzi panapohitajika. Waliokuja kutafuta vidonge walinuna, kana kwamba mimi ndiye mwenye kiwanda.

Zogo lenyewe lilikuwa la sindano ya uzazi wa mpango. Utafiti wa Ufaransa wa 2024 ulionesha kwamba waliotumia sindano ya medroksiprojesteroni mwaka mmoja au zaidi walikuwa na hatari zaidi ya mara 5 ya kupata meninjioma ya kufanyiwa upasuaji. Waume wawili wakanijia juu kuwa nimewatisha wake zao. Daktari alisema wazi kwamba uvimbe huu hata hivyo ni nadra, hakuna wa kuacha sindano kabla ya kuzungumza na kliniki, na aliyekwishapata meninjioma ndiye wa kutafutiwa njia nyingine. Lakini waume hao walishatoka kunywa chai.

Mwakani, inshaallah, tunatarajia kupata mfadhili, na pengine ofisi.

Risiti zote zimo kwenye bahasha ya kaki nyumbani kwangu. Mwenye shaka aje baada ya laasiri, na ada yake mkononi.