Barua kwa Mwanangu Kabla ya Ramadhani

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Hapa Kisauni hatujambo. Babako akusalimu, na nyanyako auliza kama huko bwenini mnakula mkashiba.

Dadako amevunja ungo. Nilimwomba ruhusa kabla ya kukuandikia, akacheka, akasema, "Mwambie tu asije akanisumbua Ramadhani." Basi nakwambia mapema.

Zamani huku kwetu mwari alikuwa na somo wake wa kumfunda, na wavulana wakifukuzwa hata kibarazani. Kufundwa ni jambo jema, na nyanyako ameshaanza kazi hiyo. Lakini kuwaacha nyinyi wavulana gizani sikuafiki. Mkifundishana wenyewe mnatoka na mzaha na matusi tu.

Jambo lenyewe si gumu. Kila mwezi utando wa ndani wa mji wa uzazi hunenepa, ukingojea mimba. Yai lisiporutubishwa, homoni hushuka, utando ule ukabomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Mwanamke mzima huipata kila baada ya siku 21 hadi 35. Msichana anayeanza, hata 45 ni kawaida, kwa hivyo tarehe zikimruka usishangae. Huchukua siku 2 hadi 7, na damu yote kwa kawaida ni vijiko viwili vitatu vya mezani, ijapokuwa ukiiona utadhani ni ndoo.

Maumivu je? Mji wa uzazi ni msuli, na hujikaza ili kuutoa ule utando, ukichochewa na kemikali ziitwazo prostaglandini. Ukimkuta amejikunja kitandani na chupa ya maji moto tumboni, usimwambie anadeka. Ibuprofeni hupunguza kemikali hizo, bora ameze baada ya kula na asiwe na vidonda vya tumbo. Lakini akiloweka pedi kila saa, au damu ipite siku 7, au maumivu yamzuie kwenda shule, hapo tunamwona daktari. Habari za "vumilia, ukizaa yataisha" sizitaki nyumbani kwangu.

Sasa Ramadhani. Mwenye hedhi hafungi wala haswali. Saumu atailipa, swala hailipi. Hukumu hiyo kila mtu aijua, na bado nimewaona wasichana wakubwa wakitafuna mahamri chooni kwa kuogopa kaka zao. Ukimkuta jikoni mchana anakula kiporo cha mbaazi, chukua kilichokupeleka uende zako. Asipokuja tarawehe, usimwulize mbele za watu. Na usimwulize pembeni pia.

Pedi utatumwa, kwa sababu hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6 na pakiti haikai. Mwenye duka ataizungushia gazeti utadhani umebeba magendo, hali mkate na dawa ya meno umevichukua wazi. Mwambie asijisumbue. Babako hununua tangu tuoane na hajapungukiwa na kitu.

Huko shuleni kwenu mko pamoja na wasichana. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo mwaka wa 2004, na sheria ya elimu ikarekebishwa 2017 ili wanafunzi wa kike waliobaleghe katika shule za umma wapewe bure. Sheria ni moja, maboksi kufika darasani ni jingine. Yakichelewa, kuna msichana anayebaki kwao. Mwenzako akichafuka sketi, mpe sweta yako ajifunge kiunoni, na atakayecheka mnyamazishe. Sweta nitaifua mimi.

Ukiwa na swali niulize, au muulize babako, ataona haya kidogo lakini atakujibu. Nauli nitatuma kwa M-Pesa Ijumaa. Usipande basi la usiku.

Mamako