Barua kwa mwanangu aliye Napoli

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umepanda boti mpaka Ischia, umeingia makumbusho ya Lacco Ameno, umeziona hirizi za Misri zilizotoka kwenye makaburi ya watoto, kisha ukaniuliza: "Mama, kama hirizi ilishindwa kumlinda, kwa nini wamzike nayo?" Nilitaka kukujibu kwa simu, sauti ikanikauka. Bora niandike.

Wagiriki kutoka Euboea walihamia kisiwani hapo katika karne ya 8 KK, wakachanganyika na wenyeji na Wafoinike, mabaharia wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni. Hirizi hazikuhitaji Mmisri wa kuzileta. Zilipita mkono kwa mkono, bandari hadi bandari. Mwanaakiolojia Giorgio Buchner, aliyeanza kuchimba makaburi yao huko San Montano mwaka 1952, alikuta watu wazima wengi wamechomwa moto, watoto wamezikwa, na wachanga wametiwa ndani ya mitungi. Na zile hirizi zenye umbo la mdudu anayefingirisha mavi, nyingi zilikuwa za watoto.

Wamisri walimtazama mdudu huyo akisukuma donge lake, wakaliona jua la alfajiri linalozaliwa upya kila siku. Mama wa Ischia huenda hakujua lolote katika hayo. Alijua tu kwamba inakinga. Hata mimi sikujua kilichoandikwa ndani ya hirizi ya kaka yako.

Ipo moja yenye jina la mfalme Bakenranef, ambaye Wagiriki walimwita Bocchoris. Alitawala miaka michache tu, kuanzia kama 720 KK. Manetho, kuhani wa Misri aliyeandika karne nyingi baadaye, anasema Shabaka, mfalme wa Kushi kusini mwa Misri, alimkamata akamchoma moto akiwa hai. Jina lisilomfaa mwenyewe likavuka bahari, likalala na mtoto wa watu. Wanaakiolojia wanaithamini kwa sababu nyingine: kaburi lile haliwezi kuwa la kale kuliko mfalme huyo, kwa hiyo iliwasaidia kukadiria umri wa vyombo vya Kigiriki vilivyokuwa humo. Ni kazi kubwa, siidharau. Lakini mimi namfikiria aliyeiweka.

Kaka yako nimekusimulia kidogo mno. Alikuwa na miezi 11. Tulimzika kwa sanda tu, kama dini yetu inavyotaka. Kabla hajaoshwa, bibi yako alikata uzi wa hirizi akanitia mkononi, kitambaa cheusi kinachonukia mafuta ya nazi. Sikuikasirikia, mwanangu. Haikunijia hata kidogo kwamba imenidanganya. Nilichokiona ni shingo tupu ambayo sikuwahi kuiona tupu tangu arobaini yake, nikatamani kumrudishia kilicho chake. Ningeruhusiwa, ningemwachia. Anakwenda peke yake, gizani, hajui hata kutembea, ungempeleka hivihivi?

Basi nadhani huyo mama wa Ischia hakuwa mjinga, wala hakusahau kwamba mwanawe amekufa. Kazi ya kumlinda ilikuwa haijamwisha mikononi.

Ukienda tena, nitazamie kitu kimoja. Hirizi hizo zina tundu la uzi linalopita mwilini kwa urefu. Angalia kingo zake kama zimelika. Zikiwa zimelika, mtoto aliivaa akiwa hai, akaivuta, pengine akaitafuna kama alivyokuwa akifanya kaka yako.

Mama yako