Kwa nini chupa ya Aprili ni nyeusi kuliko ya Machi

Mteja wetu mmoja wa Minnesota alinitumia picha ya chupa mbili za shira ya mepo (maple), ile inayochemshwa kutokana na maji ya mti, alizozisimamisha dirishani. Moja aliinunua kwetu mwaka jana, rangi yake kama chai ya rangi isiyokolea majani. Ya pili ni ya mwaka huu, na hiyo ni kahawa kabisa. Chini ya picha akaandika: "Dada, mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Hakuongeza neno.

Nilicheka, halafu nikanuna, halafu nikaona ana haki ya kujibiwa. Wapo na wengine waliouliza kwa upole zaidi kama tumeanza kuchanganya sukari guru, kwa hiyo nawajibu wote kwa pamoja.

Mimi ni mtu wa Pangani, wagema nimekua nikiwaona. Tembo likishuka mnazini asubuhi ni tamu, mchana limeshafanya povu, jioni ni kinywaji kingine. Anayetaka asali ya tembo hulichemsha mapema, kabla halijachacha. Nilipoolewa huku Vermont, Marekani, mama mkwe akanikabidhi keekee na kuniingiza msituni, theluji magotini. Nikaona kazi yenyewe naifahamu, ila hapa hapandi mtu juu ya mti.

Mti wa mepo hutobolewa tundu dogo, upana kama milimita 8, kina sentimita 4 au 5, ukachomekwa kimrija. Mti mwembamba hatuugusi. Mpaka shina lifike unene wa sentimita 25 hadi 30, na hiyo ni kama miaka 40 ya kungoja. Ile tuliyonayo sisi hatukuipanda, tumeikuta. Maji hayatoki kila siku. Yanataka usiku wa kuganda na mchana wa kuyeyuka: usiku mti hunyonya maji kutoka chini, mchana ukipata joto shinikizo hupanda ndani na maji yakadondoka. Joto lisiposhuka chini ya sifuri usiku, kesho yake hakuna kitu. Zamani watu wa hapa walizoea kutoboa karibu na Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ya mikutano ya miji yao. Sisi tukingoja mpaka siku hiyo tunakuwa tumeshayakosa maji ya kwanza.

Yanayotoka ni maji kweli. Meupe, mepesi, ukinywa unahisi kama kuna mtu aliyeosha kijiko cha sukari humo. Sukari yake ni kama asilimia 2 tu. Wachemshaji wana hesabu yao: gawa 86 kwa asilimia ya sukari, utapata lita za maji zinazohitajika kwa lita moja ya shira. Kwa asilimia 2 ni lita 43. Mwisho wa msimu utamu ukishuka hadi asilimia moja na nusu, ni lita 57. Zote hizo hupita kwenye karai letu refu la chuma, juu ya kuni alizozipasua mume wangu tangu kiangazi, na mvuke hujaa kibandani mpaka humwoni uliye naye. Povu likipanda, mama mkwe hudondosha kipande cha siagi kama punje ya harage, likatulia hapo hapo. Ikifika nyuzi joto kama 104 inakaribia kuwa shira, na hapo ndipo tunapopima uzito wake.

Sasa turudi kwenye lile neno "hulitia maji". Sheria ya Vermont inataka shira iwe na utamu usiopungua asilimia 66.9. Ikiwa nyepesi kuliko hapo huvunda au kuchacha ndani ya chupa. Kwa mfanyabiashara, kuitia maji ni kujichimbia kaburi. Na tazama vizuri picha yako, ndugu yangu: kilichotiwa maji hupauka. Chako kimekolea.

Kukolea huko kunatoka wapi? Kunatoka kwa wadudu wasioonekana, kama wale wanaolichachusha tembo. Machi kukiwa na baridi kali, maji yanafika kibandani karibu yakiwa safi kabisa, sukari yake ikiwa nzima. Siku zikipata joto, kuelekea Aprili, vijidudu huzaliana kwenye mirija na matangi, nao huivunja ile sukari kuwa sukari ndogo ndogo. Hizo zikikutana na moto huungua upesi na kutoa rangi, pamoja na ile ladha nzito inayokaribia ya karameli. Tukichelewa kuchemsha hata siku moja ya joto, rangi inabadilika. Mwaka huu baridi iliondoka mapema, tukapata siku chache tu za shira nyeupe. Sehemu kubwa ya kazi yetu imeangukia upande wa giza. Vichipukizi vikianza kuvimba maji hupata ladha mbaya ambayo hakuna moto unaoiondoa, na hapo tunang'oa mirija, msimu umekwisha.

Kwa hiyo rangi haisemi kama shira ni safi au chafu. Hapa hupimwa kwa mwanga unaopenya: ukipita asilimia 75 au zaidi, ni ya dhahabu, kati ya 50 na 75, ya kaharabu, kati ya 25 na 50, nyeusi, chini ya hapo, nyeusi sana. Zamani ile nyeusi iliitwa daraja B, na watu wakadhani ni makapi. Mwaka 2014 Vermont ikabadilisha majina, na zote zinazouzwa rejareja sasa ni daraja A. Ukiniuliza mimi, walichelewa. Ile ya dhahabu ni nzuri kwa kuonja kwa kijiko na kumpa mgeni. Ukiimwagia kaimati, iliki inaimeza. Nyeusi ndiyo inayosikika kwenye kaimati, kwenye uji wa ulezi, na kwenye chai ya maziwa.

La shira kuota ukungu (kuvu) nalo limeulizwa, nalijibu kwa haraka. Tunaijaza chupa shira ikiwa ya moto, zaidi ya nyuzi 82, kwa hiyo kabla ya kufunguliwa inakaa kabatini bila shida. Ukishaifungua, iweke kwenye friji. Haina dawa ya kuihifadhi. Ile ya bei rahisi ya dukani inayokaa mezani mwaka mzima mara nyingi ni shira ya mahindi iliyotiwa ladha. Soma karatasi yake.

Kosa letu lipo, nalikubali. Tuliandika "shira ya mepo" kwenye chupa zote na kuzituma bila kumwambia mtu anapata rangi gani. Kuanzia mzigo huu, kila chupa ina jina la rangi yake na tarehe iliyochemshwa, kwa mwandiko wa binti yangu, msimcheke. Mkiagiza, tajeni rangi. Aliyepokea nyeusi akitaka ya dhahabu na bado hajafungua, airudishe, posta ni juu yetu. Ila za dhahabu zimebaki chupa 11 tu, na mbili nimeshaziwekea alama ya Minnesota.