Tumetenganisha taka, gari likazichanganya

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini habari yenu ya wiki iliyopita, ambamo ofisa mmoja alisema urejelezaji wa taka unakwama Dar es Salaam kwa sababu wananchi hawana mwamko wa kuzitenganisha majumbani, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu aliyapokea maneno hayo kama yalivyo. Laiti angepita Tabata kwanza.

Sisi wa Tabata kuambiwa hatuna mwamko wa taka ni kichekesho. Mwaka 1988 wakazi wa hapa waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa kuligeuza eneo lao kuwa dampo, wakashinda. Taka zilipopelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakafungua kesi mwaka 1991. Baadaye zikahamia Vingunguti, na sasa zinamwagwa Pugu Kinyamwezi. Dampo limezungushwa mji mzima, na kazi inayofanyika humo ni ileile ya kumwaga.

Nieleze yaliyonikuta. Tangu Januari, baada ya kuhimizwa katika mkutano wa mtaa, nimekuwa nikitenganisha taka za nyumbani kwangu katika viroba vitatu: kimoja cha maganda na mabaki ya chakula, cha pili cha chupa za plastiki na makopo, cha tatu cha karatasi na maboksi, na mjukuu wangu akaandika juu ya kila kiroba kwa kalamu ya wino mzito ili asiwepo wa kusema hakujua. Mimi ni karani mstaafu, na ukarani haunitoki. Ninalo daftari ninamoandika kila siku gari la taka linapokuja, na mwezi uliopita lilikuja baada ya siku kumi na tisa, ingawa ada ya mwezi ilidaiwa tarehe ileile bila kuchelewa hata siku moja. Kufikia hapo kiroba cha maganda kilikuwa kimeanza kutembea chenyewe kwa funza. Vijana wa gari wakavinyanyua viroba vyangu vyote vitatu, wakavikung'uta juu ya lundo moja, maganda yakatua juu ya karatasi nilizozikunja na kuzifunga kwa kamba, na kiroba chenye mwandiko wa mjukuu kikatupwa juu yake. Nilipouliza, mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee. Hata ungetenga viroba kumi, sisi Pugu tunamwaga pamoja." Huku akisema hivyo alikuwa akichambua chupa zangu kutoka katika lile lundo na kuzitia kwenye gunia lake mwenyewe lililoning'inia ubavuni mwa gari, kwa sababu chupa zina mnunuzi anayezipima kwa kilo. Simlaumu hata kidogo. Katika mnyororo mzima, kuanzia jikoni kwangu hadi dampo, niliyemwona akirejeleza kitu ni kijana huyo, ambaye hakualikwa kwenye semina yoyote.

Na kwa kuwa nimeshaishika kalamu, nitaje pia vifungashio. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, nasi tukarudi kwenye vikapu kwa moyo mmoja. Leo ukinunua nyanya za shilingi elfu moja sokoni unawekewa katika kile kifuko chepesi chembamba kisicho na mikono, kilichoruhusiwa kwa ajili ya kufungashia bidhaa na si kubebea, na ukikikataa muuzaji anakutazama kana kwamba unamtukana. Chupa, nimesema, ina mnunuzi. Kifuko hiki hakina, hata yule kijana wa gunia hakigusi. Mvua ikinyesha kinaziba mtaro ulio mbele ya nyumba yangu, na kikizibuka huko kinaelekea Mto Msimbazi, ambako sihitaji kumkumbusha mtu yeyote wa Jangwani kinachofuata.

Pendekezo langu halihitaji mfadhili. Gari la taka liwekewe ubao mmoja katikati, taka zinazooza zikae upande wa nyuma na zisizooza upande wa mbele, na magunia mawili yaning'inizwe ubavuni, moja la chupa na moja la makopo, yawe mali halali ya vijana wanaopakia. Ubao huo fundi wa Keko anaweza kuukata asubuhi na kuupigilia misumari kabla ya adhuhuri. Kisha ofisa aliyezungumza na mwandishi wenu apande gari hilo, akae mbele kando ya dereva, vioo vikiwa wazi, apitie Buguruni saa saba mchana, na avifuate viroba vyangu vitatu hadi Pugu Kinyamwezi, akiandika kila kimoja kilipoishia. Daftari nitamwazima. Viroba vitakuwa mlangoni saa moja asubuhi. Naomba tu nijulishwe mapema gari linakuja mwezi gani.

Karani mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam