Barua ya wazi kwa vijana wa Mtwara na Lindi: mwacheni bibi na chale zake

Wajukuu zangu wa Mtwara na Lindi, kuanzia Mikindani, Newala, Tandahimba, Masasi mpaka Nachingwea na Liwale, marahaba. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, mnivumilie.

Juzi hapa mtaani kulikuwa na mahafali, kijana wa jirani kamaliza fomu foo, bibi yake katoka Newala na basi la alfajiri kwa ajili yake tu, kavaa kitenge kipya. Huyo bibi ni wa wale wa zamani, ana chale mashavuni na kwenye paji la uso, na mdomo wa juu una tundu la ndonya, kile kipambo cha mdomoni, japo ndonya yenyewe alishaitoa miaka mingi. Wakapiga picha. Jioni naonyeshwa stetasi ya yule kijana, namtazama bibi simtambui. Uso laini, mweupe, chale hakuna hata moja, na lile tundu la mdomoni halipo. Nikauliza nani kafanya hivi, nikaambiwa chale simu inafuta yenyewe ukiwasha urembo, ila mdomo kaufuta yeye mwenyewe, kakaa kaivuta picha ikawa kubwa akapitisha kidole taratibu mpaka tundu likaziba. Nilipomuuliza kwa nini akanijibu, "Bibi, watu wangecheka."

Watu gani? Hao watu umekula nao wapi? Bibi kauza mihogo ukalipiwa michango ya shule, leo unamfuta uso ili mtu wa Dar ambaye hata jina lako halijui asicheke!

Mjue chale zile zilikuwa ni nini. Mtu akimtazama bibi yako alikuwa anajua huyu ni Mmakonde, na mwenye jicho anasoma na zaidi ya hapo. Zilichanjwa kwa kisu na zikapakwa mkaa, aliumia na akavumilia, na zikishakaa hakuna wa kukunyang'anya. Sisemi mrudi kuchanjwa, ule uchungu umepita na uishie huko huko. Ninachosema ni kwamba nyie mnaoona aibu alama za bibi mnatembea na alama pia, tena za watu msiowajua, na mnazilipia.

Hapa ndipo nina la kusema maana naliona kila siku. Nilipostaafu ualimu nilirudi kwenye cherehani yangu barazani, na kazi ninayoletewa na vijana siku hizi si kupunguza suruali wala kuweka zipu, ni kuhamisha lebo. Kijana ananunua tisheti ya mtumba nzuri tu, pamba safi, haina hata doa, ila haina jina. Halafu anakuja na jingine lililochanika chanika lenye ile tiki ya Nike, ananiambia bibi toa hii uweke hapa kifuani. Natoa kwa wembe uzi mmoja mmoja, nashona pembe nne kwa uzi wa rangi ile ile ili mshono usionekane. Kitambaa ni kile kile, mwili ni ule ule, lakini mtoto akivaa anasimama tofauti, mabega yanapanda, anatembea kama kapandishwa cheo. Mwingine lebo ilikuwa ndani ya kola akataka niihamishie nje mgongoni! Nikamuuliza mwanangu, kabla hujaweka hii ulikuwa nani? Hakunijibu, alicheka tu akatoa hela.

Hiyo tiki ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi mmoja wa Marekani, Carolyn Davidson, akalipwa dola 35 kwa kazi ile, baadaye wakampa na hisa. Ni mchoro. Thamani yote mnayoiona imewekwa na matangazo, miaka na miaka ya kumuonyesha mtu anayeshinda halafu wanakuonyesha mchoro, anayeshinda halafu mchoro, mpaka kichwani kwako vimekuwa kitu kimoja.

Na hii kazi haikuanza na simu. Mwaka 1929 kule New York kampuni ya sigara ilitaka wanawake nao wavute, maana wakati huo mwanamke kuvuta barabarani ilikuwa aibu. Wakamlipa bwana mmoja anaitwa Edward Bernays. Hakuhangaika kusema sigara ni tamu, alipanga wasichana wakatembea kwenye maandamano ya Pasaka wakiwasha sigara mbele ya wapiga picha, na magazeti yakaambiwa hiyo ni mienge ya uhuru. Mwanamke aliyekuwa anataka haki zake akapewa tumbaku. Bidhaa haikubadilika hata kidogo, kilichobadilishwa ni jibu la swali "mimi ni nani", na tangu hapo wenye bidhaa hawajaacha kuuza kwa njia hiyo.

Sasa simu. Facebook, Instagram na WhatsApp ni za kampuni moja, Meta, na karibu pesa zake zote zinatoka kwenye matangazo. Bando unanunua wewe, muda wako wanauza wao. Kile kitufe cha laiki kimekuja Facebook 2009 na tangu hapo mtu anapost halafu anakaa anahesabu. Mwaka 2021 Frances Haugen aliyekuwa mfanyakazi wao alitoa nyaraka za ndani, na humo mlikuwa na utafiti wao wenyewe kwamba Instagram inawazidishia baadhi ya wasichana wadogo kuchukia miili yao. Wenyewe walijua, nyie wasichana wangu mnajilaumu.

Msimu wa 2024 bei ya korosho mnadani ilipita elfu nne kwa kilo, tukafurahi wote. Lakini kuna kijana namfahamu hakuiona hiyo bei, alishauza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, wakati ziko bado mtini, kwa bei ya kutupa, kisa simu. Si kwamba hakuwa na simu, alikuwa nayo inapiga na inapokea, ila ilikuwa haina lile tunda nyuma. Baba yake anahangaika na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, shambani, yeye anapiga picha mbele ya kioo ili simu ionekane. Na wengine mnachukua simu za mkopo wa kulipa kila siku, ukichelewa inajifunga yenyewe, unatembea na kitu mfukoni kisichokusaidia hata kumpigia mama.

Mengine nayataja tu. Mkorogo acheni, ngozi ikiharibika hairudi. Picha ya msiba si ya kupost kabla ndugu hawajaambiwa. Msikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kwa ajili ya bethdei. Mtu mwenye mafolowa wengi si lazima awe anajua anachokisema, hasa akizungumzia dawa.

Ila sitawabebesha nyie peke yenu. Hiyo hofu ya kuchekwa mmeipata wapi? Huku bara televisheni imekuja 1994, na muda wote huo mtoto wa Kusini akiwasha anakuta Mmakonde ndiye wa kuwekwa kwenye vichekesho, lafudhi yake inaigizwa, ushamba ni wake. Vinyago vyetu viko kwenye majumba ya makumbusho Ulaya, lakini mtoto wa Mtwara akifika chuo Dar kitu cha kwanza anabadilisha namna ya kuongea. Wenye vituo vya redio na tivi mnanisikia, na nyie wachekeshaji.

Na sitaki mtu anijibu kwamba dawa ni kupiga marufuku. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulijaribu Dar, Operesheni Vijana, wakapiga marufuku vimini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, wasichana wakasumbuliwa barabarani na kudhalilishwa. Mkorogo uliisha? Marufuku haimfundishi mtu kujipenda.

Kama mnataka mfano mzuri upo. Wamakonde wa Kwale kule Kenya, wazee wao walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wengi wakitokea Msumbiji, wakakaa miaka na miaka bila vitambulisho. Oktoba 2016 wakaondoka kwa miguu kuelekea Nairobi kumuona rais. Mwaka uliofuata wakatambuliwa rasmi, kabila la 43. Hawakuficha jina ili wakubaliwe, walikwenda nalo mbele za watu. Naomba mlitafute hilo kwenye hizo simu, lipo, angalieni na nyuso za wale kina mama.

Mwisho nawageukia wazazi wenzangu. Tunawasema watoto na sisi kila harusi sare, kila kitchen pati sare, asiye na dera la rangi iliyochaguliwa anakaa nyuma kama mgeni, na wengine wanakopa ili wasikae nyuma. Kikoba chetu tumeshakubaliana msimu huu hakuna sare kwenye shughuli ya mwanachama yeyote. Mwenye la mwaka jana avae la mwaka jana, mimi mshonaji nitapoteza kazi za sare na sawa tu.

Ni mimi bibi yenu,
Mikindani, Mtwara