Wakikwambia wewe ni mtoto wao

Mwanangu,

Kifurushi hiki nimempa kondakta wa basi la alfajiri, shangazi yako atakipokea stendi ya Magufuli. Ndani kuna ubuyu, kuna kanga moja kuukuu, na kuna barua hii. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu hunikatiza: "Mama, najua." Karatasi haikatizwi.

Juzi uliponisomea mkataba wako wa Ujerumani ulisoma kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Saa 30 kwa wiki. Siku moja na nusu ya mapumziko. Yuro 280 kwa mwezi mkononi, chumba chako, chakula chao, bima juu yao. Mimi nilikuwa nachambua mchicha barazani huku nikilinganisha kimoyomoyo. Mwaka 2009 nilikwenda Maskati kwa rial 60 kwa mwezi, na saa za kazi hazikuandikwa popote. Kwa hiyo nilivyonyamaza usidhani nilinuna. Nilifurahi. Kilichonishtua ni neno ulilolipita mbio: kwamba hiyo kazi yenu ya opea, ya kukaa kwenye nyumba ya watu na kuwalelea mtoto, mtu anaishi "kama mmoja wa familia".

Neno hilo nalijua. Niliambiwa kwa Kiswahili fasaha kuliko changu.

Nyumba ya kwanza sina mengi ya kusema. Miezi mitatu, watoto sita, simu napewa Ijumaa kwa dakika kumi, kisha nikarudishwa kwa wakala kama kiatu kinachobana. Ya pili ilikuwa Seeb, karibu na uwanja wa ndege, na huko ndiko nilikokaa mpaka 2013. Bibi wa nyumba ile kazaliwa Unguja, akavukia Oman miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipokwisha kushika nchi na kuwaita watu warudi. Nilipofika nikatoa salamu zangu za Kiarabu nilizozikariri ndani ya ndege. Akanitazama, akacheka: "Karibu mwanangu, umekula?" Nililia palepale mlangoni, begi bado mkononi.

Nikadhani nimefika kwetu. Wiki hiyohiyo wakaja wageni, Bibi akaniketisha nao, nikamiminiwa kahawa. Nikanywa, nikarudisha finjani kwa adabu. Ikajazwa. Nikanywa tena, maana kwetu huwezi kukataa cha mwenyeji. Ikajazwa. Ya nane moyo ulikuwa unanienda mbio kama nimekimbizwa na mbwa, ndipo Bibi akanishika mkono, akaitikisa finjani kulia na kushoto. "Hivi ndivyo mtu anavyosema basi."

Hilo la kahawa lilikuwa la kuchekesha. La maji halikuwa hivyo. Ulikuwa mwezi wa sita, nikafungua bomba la maji baridi nimwogeshe mtoto. Bahati nzuri nilitia kiwiko kwanza, kama bibi yako alivyonifundisha nilipokuzaa wewe. Maji yalikuwa yanababua! Tangi liko juu ya paa, jua limelipika mchana kutwa. Kumbe kule wakati wa joto watu huzima hita, na yale maji yaliyotulia ndani ya hita ndiyo yanayokuwa ya baridi. Bomba jekundu ndilo la kuogea, la bluu ndilo la kuogopa. Hakuna aliyeniambia, wala hawakunificha. Kwao ni jambo la kawaida mno, halimjii mtu kichwani kwamba kuna asiyelijua.

Na wewe bomba lako liko huko linakusubiri, ila silijui ni lipi. Utamwita mama mwenye nyumba kwa jina lake tupu, mtu wa umri wangu, bila shikamoo wala mama fulani. Najua ulimi utakuwa mzito. Jumapili maduka yamefungwa. Jioni wanaweka mezani mkate na jibini, baridi, na hicho ndicho chakula cha usiku, usikae ukisubiri wali. Mwalimu wako alikwambia mtoto havushwi taa ikiwa nyekundu hata kama barabara ni tupu mpaka upeo wa macho. Hayo umeshayasikia darasani. Mimi naogopa yale ambayo hata mwalimu hajakumbuka kuyasema. Uliza, hata ukionekana mjinga. Usimwogeshe mtoto wa mtu kwa kukisia.

Sasa nirudi kwenye lile neno.

Babu yako alipofariki, 2011, Bibi aliwaita jamaa zake wakasoma hitma pale sebuleni. Walichinja mbuzi. Mama wa mtoto alinikumbatia mpaka buibui lake likalowa machozi yangu. Sijaona watu wakimlilia mtu wasiyemjua namna ile. Asubuhi yake nikaomba pasipoti yangu, nije Tanga hata kwa siku saba. Mama wa mtoto akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mkataba bado una miezi mitano na mtoto kanizoea mno. "Wewe ni wa hapa hapa, utatuachaje?" Pasipoti ilikuwa kabatini kwa mumewe. Nikarudi jikoni nikaosha masufuria ya hitma ya baba yangu.

Walikuwa watu wema, na nitasema hivyo mbele ya yeyote. Mbuzi walichinja, na pasipoti hawakutoa. Yote mawili walifanya watu walewale, katika siku mbili.

Kwa hiyo pasipoti yako ikae kwenye begi lako, hata wakikwambia droo yao ina kufuli zuri. Saa zako uziandike kwenye daftari kila usiku. Kuna siku mama mwenye nyumba atachelewa kurudi, ataomba radhi, na utasema hakuna shida, maana ndivyo nilivyokulea. Siku ya pili pia sema hakuna shida. Ya tatu mfungulie daftari. Kwa hilo umepata ruhusa yangu ya kutokuwa na haya. Aliyetia saini saa 30 kwa mkono wake hawezi kushangaa ukimsomea.

Halafu mtoto.

Yule wa Seeb nilimpokea ana siku arobaini. Nilikuwa namfunga mgongoni kwa kanga, mamaye akiogopa atapata matege, na Bibi akimjibu kwamba yeye alibebwa hivyo Malindi ya Unguja na miguu yake hiyo hapo, aitazame. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji". Kiswahili! Bibi alizunguka nyumba nzima akimtangazia kila mtu. Mimi nilikwenda bafuni nikafunga mlango. Nilikuwa nahesabu: yeye meno yanaota mbele ya macho yangu, na yako yanang'oka huku mimi sipo.

Niliporudi ulikuwa na miaka minane. Ulijificha nyuma ya bibi yako ukamuuliza, "Huyu ndiye yule wa kwenye simu?" Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Hatujawahi kulizungumza, na leo silileti ili unionee huruma. Bati tunalolala chini yake ni la rial zile, na ada ya kozi yako ya Kijerumani imetoka kwenye kibanda nilichofungua kwa rial zilezile. Ila ujue meno yako yalikuwa na mtu wa kuyahesabu.

Huyo wa kwako ana miaka miwili, umesema. Mwaka ukiisha atakuwa anakuita jina ambalo mama yake hatalipenda sana. Mimi niliondoka Seeb usiku, mtoto kalala, waliona ndiyo nafuu kwake. Bibi alinisimulia baadaye kwenye simu: aliamka, akaenda jikoni, akafungua makabati ya chini moja moja akinitafuta. Wewe aga mtoto akiwa macho. Mwanzie wiki nzima kabla, hata kama haelewi.

Kanga niliyokuwekea ndiyo mbeleko yenyewe. Ilikubeba wewe kwanza, kisha yule wa Seeb. Jina lake "Wema hauozi", nami kila nikilisoma huwa nakumbuka lile kabati. Muulize mama wa mtoto kabla hujamfunga mgongoni. Na usiitie kwenye mashine, ifue kwa mkono. Pindo limeshaanza kuachia.

Mama yako