Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na ya ofisi mmeyaona kwenye kumbukumbu. Mimi nitakaa kwenye jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: tutajuaje kwamba mshauri nasaha anafaa kumhudumia mwanamke?

Tulianza na dodoso la kujipima, la aina iliyotungwa Marekani na Julie Ancis na wenzake mwaka 2008, ambapo mshauri hujipa alama mwenyewe kuhusu umahiri wake na wateja wanawake. Linamfanya mtu ajichunguze, sikatai. Lakini wengi wetu, wake kwa waume, tulijipa alama nono, kisha katika igizo la mama aliyepigwa na mumewe tukasikia mapema mno, "Vumilia, fikiria watoto."

Ndiyo maana naiunga mkono kamati ya mafunzo katika suala la maigizo. Inafuata ENACT, kipimo cha stadi za mshauri kilichoanzia Nepal na sasa kimo katika EQUIP, mpango wa WHO na UNICEF wa kuinua ubora wa huduma za kisaikolojia. Mtu aliyefunzwa huigiza mteja, mtazamaji akampa mshauri alama 1 hadi 4 kwa kila stadi. Alama 1 ni ya tabia inayoweza kumdhuru mteja, kama vile kumlaumu. Hapo ndipo dodoso linapotuficha ukweli: nani atajiandikia kwamba anadhuru? Kamati imeongeza visa vya kwetu: mama aliyejifungua wiki sita zilizopita anayeambiwa huzuni yake ni uvivu, na mke ambaye mumewe amesimama nje ya mlango wa chumba cha ushauri.

Wateja hawa si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya Wakenya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamepigwa au kuumizwa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Mshauri asiyeijua 1195, nambari ya simu ya msaada kwa walionusurika ukatili, wala Sheria ya 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani, atamsikiliza vizuri kisha amwache alipomkuta.

Baadhi ya wakongwe wetu wanasema kutazamwa ni kudhalilishwa. Nawaheshimu, ila anayetazamwa hapo ni mshauri, tena mbele ya mwigizaji. Siri ya mteja haiguswi. Wanaume wasidhani kipimo hiki ni chao peke yao, kwani neno "vumilia" limetoka pia vinywani mwa akina mama.

Hoja iliyo mbele yenu ni kwamba anayetaka kupelekewa wateja walionusurika ukatili apite kwanza igizo hili, na aliyepata alama 1 popote arudi mafunzoni kabla ya kurudia. Kura itapigwa kwa siri baada ya chai.